Intaneti Moja Itoshe Nyumba Nzima

Umelipia faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, ile namba inayoandikwa Mbps kwenye tangazo. Sebuleni mambo ni shwari. Chumba cha mwisho video inazunguka tu haifunguki, mwanafunzi anahamisha kompyuta mpakato na kwenda kukaa koridoni, na aliyeko vyumba vya uani amerudi kununua bando la simu. Wengi wakifika hapa hupandisha kifurushi. Wanalipa zaidi, na chumba cha mwisho kinabaki vilevile.

Sababu ni hii: kampuni inakufikishia kasi hiyo mpaka kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu iliyo mkononi mwako, njia ni ya nyumbani kwako, na wewe ndiye wa kuitengeneza. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji siku moja ya mapumziko, waya mzuri na kufuata mpangilio.

Tutatumia mfano wa nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa: sebule, vyumba vitatu, kuta za tofali za saruji, na vyumba viwili vya uani. Kama yako ni ndogo zaidi, ruka hatua zisizokuhusu.

Fahamu kwanza: nani anafanya kazi gani

Faiba huingia nyumbani kwa uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Kisanduku cha faiba hugeuza mwanga huo kuwa mawimbi ya umeme ambayo vifaa vyako vinayaelewa. Ruta ndiyo inayogawa. Siku hizi kampuni nyingi huleta kisanduku kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Ukitumia ruta ya laini ya 4G au 5G, laini ndiyo inayochukua nafasi ya faiba. Mengine yote ni yaleyale.

Kwa kawaida ruta huwa na anwani moja tu upande wa nje. Ndani ya nyumba, hukipa kila kifaa anwani yake, nyingi zikianza na 192.168. Simu ikiomba ukurasa, ruta hupeleka ombi nje kwa ile anwani moja, na jibu likirudi inakumbuka nani aliyeomba. Kazi ya kugawa anwani za ndani inaitwa DHCP. Zishike herufi hizo, kwa sababu fujo nyingi za nyumbani hutokea pale vifaa viwili vinapoigombania kazi hiyo.

Waifai nayo husafiri kwa masafa mawili makuu:

- Gigahezi 2.4: hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na hugongana na waifai za majirani, bluetooth na maikrowevu.
- Gigahezi 5: ni ya kasi na ina nafasi nyingi, lakini ukuta wa zege huinyong'onyeza haraka.

KISANDUKU: Hesabu kabla ya kununua chochote

Video ya ubora wa juu wa kawaida kwenye runinga hula karibu megabiti 5 kwa sekunde. Kikao cha video hula kati ya 2 na 4. Kupiga simu kwa WhatsApp na kusoma habari hula chini ya 1. Jumlisha vinavyotumika kwa wakati mmoja, tuseme saa mbili usiku: runinga 5, kikao 3, simu mbili zinazotazama video 6. Jumla ni 14. Megabiti 20 zinatosha. Zisipotosha, huenda kosa liko ndani ya nyumba.

Kwa bando lenye kikomo, gawanya megabiti kwa 8 upate megabaiti. Video ya megabiti 5 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 2.25 kwa saa. Bando la gigabaiti 10 linaisha kabla ya saa tano kutimia.

Hatua ya kwanza: pima

1. Simama mita mbili kutoka kwenye ruta. Unganisha waifai ya gigahezi 5 kama simu inaiona.
2. Zima vifaa vingine, kisha pima kasi kwa tovuti au programu yoyote ya kupimia. Andika namba.
3. Rudia katika kila chumba na uani. Andika.
4. Kama una kompyuta yenye tundu la waya, ichomeke moja kwa moja kwenye ruta na upime tena.

Soma matokeo hivi: kama kasi iko chini hata kwa waya, tatizo linaanzia kwa mtoa huduma au kwenye kifurushi. Kama ni 20 karibu na ruta na 2 chumbani, tatizo ni lako na dawa yake iko hapa chini. Tunza karatasi hiyo, utaihitaji tena.

Hatua ya pili: weka ruta mahali pake

Hii haina gharama, na ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko zote. Mafundi wengi hufunga ruta pale waya unapoingilia, yaani kwenye kona ya sebule, nyuma ya runinga, mara nyingine ndani ya kabati. Hapo nusu ya mawimbi yanakwenda barabarani, na nusu nyingine inagonga mgongo wa runinga wenye chuma.

1. Ilete kati ya nyumba kadiri inavyowezekana. Koridoni panapokutana milango ya vyumba ni mahali pazuri.
2. Ipandishe juu, kama mita moja na nusu hadi mbili kutoka sakafuni.
3. Iepushe na friji, kioo kikubwa cha kujitazama, tangi la maji, mlango wa chuma na maikrowevu. Maji na chuma huzuia mawimbi.
4. Kama ina antena za nje, nyumba ya sakafu moja zisimamishe wima. Nyumba ya ghorofa, lalisha moja.

Wanaokaa nyumba za zamani za mawe Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale Mombasa wajue kwamba kuta zao nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia mawimbi kuliko tofali la kawaida. Kwao ruta moja mara nyingi haitoshi hata ikiwekwa katikati. Wasiiruke hatua ya nne.

> ONYO: Uzi wa faiba usiukunje kwa pembe kali, usiupigilie msumari wala kuubana na mlango. Kioo kikivunjika ndani, ganda la nje litaonekana zima. Kama unataka ruta ihame mbali, acha kisanduku cha faiba palepale na uvute waya wa kawaida wa mtandao, au mwite fundi wa kampuni. Usiuchungulie mwisho wa uzi huo; mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho.

Hatua ya tatu: ingia kwenye mipangilio

Ruta ikitoka kwenye boksi haina siri. Jina na nenosiri viko kwenye stika chini yake, na kila aliyewahi kuigeuza ameviona.

1. Unganisha simu au kompyuta kwenye waifai ya ruta.
2. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye stika. Zinazotumika sana ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, 192.168.100.1 kwa visanduku vingi vya faiba, na 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za laini.
3. Ingia kwa jina na nenosiri la msimamizi vilivyo kwenye stika.
4. Badilisha nenosiri la msimamizi kwanza. Hili ni tofauti na la waifai. Mwenye nalo anaweza kukufungia nje ya ruta yako mwenyewe.
5. Badilisha jina la waifai. Usiweke jina lako kamili wala namba ya nyumba.
6. Weka nenosiri jipya la waifai, herufi 12 au zaidi. Maneno manne yasiyohusiana hukumbukika na ni magumu kukisia. Usitumie namba ya simu ya baba. Mtaa mzima unaijua.
7. Kwenye usalama chagua WPA3. Kama kuna kifaa cha zamani kinachokataa, chagua WPA2 au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukiona WEP, usiiguse. Ilishavunjwa miaka mingi iliyopita.
8. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kuandika tarakimu nane. Tarakimu hizo huvunjika kirahisi kuliko nenosiri lako.
9. Kwenye gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Hizo tatu haziingiliani. Upana wake uache megahezi 20.
10. Hifadhi. Vifaa vyote vitakatika. Viunganishe upya kwa nenosiri jipya.

Hatua ya nne: vifikie vyumba vya mbali

Hapa dukani utauziwa ripita, kale kadude ka kuchomeka ukutani. Ni rahisi, lakini jua bei yake ya kweli. Ripita ya bei nafuu husikiliza na kusema kwa chaneli ileile, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Tena wengi huichomeka ndani ya chumba chenye shida, ambako nayo haisikii kitu. Ukiamua kuitumia, iweke katikati ya safari, mahali ambapo waifai ya ruta bado ni nzuri.

Dawa inayodumu ni waya pamoja na ruta ya pili. Ruta ya zamani iliyolala kwenye droo inaweza kufanya kazi hii.

*Vitu vya kuwa navyo:*

- Waya wa mtandao wa CAT5e au CAT6. CAT5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Kwa kwenda uani, nunua waya wa nje wenye ganda jeusi linalovumilia jua, au upitishe ndani ya bomba la plastiki la umeme.
- Vichwa vya RJ45 na koleo lake la kubania.
- Kipimia waya chenye taa nane. Ni cha bei ndogo na kitakuokolea jioni nzima.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia: nyaya nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba juu. Muombe muuzaji akate ncha, kisha ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukigeuka mweupe wa fedha, ni alumini. Hukatika upesi kwenye mikunjo na haufai kwa masafa marefu.

*Kubana kichwa:* Kigeuze kichwa ili kishikizo kiwe upande wa chini na midomo ya shaba ikutazame, kisha panga nyaya kutoka kushoto: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Panga hivyohivyo ncha zote mbili. Ziguse mwisho wa kichwa, na ganda la nje liingie ndani kabla hujabana, la sivyo waya utachomoka ukivutwa. Pima: taa zote nane ziwake kwa zamu. Ikikosekana moja, intaneti inaweza kuendelea kupita ila kwa kasi ya 100 badala ya 1,000, na hutajua kwa nini.

*Kufunga ruta ya pili:*

1. Ibonyeze kitufe cha kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, kama sekunde kumi. Bado usiiunganishe na ile ya kwanza.
2. Ingia kwenye mipangilio yake. Kama ina chaguo lililoandikwa "Access Point", lichague, chomeka waya unaotoka kwenye ruta kuu, kisha ruka hadi namba 5.
3. Kama haina, badilisha anwani yake iwe tofauti na ya ruta kuu lakini ya ukoo mmoja. Kuu ikiwa 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, na uhakikishe ruta kuu haigawi namba hiyo kwa vifaa vingine. Kisha zima DHCP. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: ukiiacha, ruta mbili zitagawa anwani na nusu ya simu zitaonyesha waifai imejaa lakini haina intaneti.
4. Chomeka waya kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta kuu kwenda tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti ambalo mara nyingi lina rangi yake, liache wazi.
5. Ipe jina la waifai na nenosiri vilevile kama ya kwanza, ila chaneli tofauti. Kuu ikiwa 1, hii iwe 6 au 11. Simu zitajichagulia zenyewe mtu anapotembea kutoka sebuleni kwenda uani.

Kama kupitisha waya haiwezekani kabisa, nunua seti ya meshi, yaani vituo kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi pamoja, yenye masafa mawili au matatu. Ni ghali, lakini vituo vyake huongea vyenyewe kwa vyenyewe vizuri kuliko ripita. Runinga na kompyuta ya mezani, kama ziko karibu na ruta, zipe waya. Kila kifaa kinachohamia kwenye waya kinawaachia wengine nafasi hewani.

Hatua ya tano: wageni, wapangaji na watoto

*Wageni.* Fungua mtandao wa wageni, ulioandikwa "Guest" kwenye ruta nyingi, na uupe nenosiri lake. Mgeni anapata intaneti bila kuona printa wala kompyuta zenu. Badilisha nenosiri hilo baada ya sherehe au msiba.

*Wapangaji na majirani.* Kuchangia gharama ni jambo jema, lakini soma mkataba wako kwanza. Vifurushi vingi vya nyumbani hukataza kugawa nje ya kaya. Kuuza intaneti kwa watu ni biashara inayohitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya. Tena kumbuka kwamba lolote litakalofanywa kupitia laini yako litasomeka kwa jina lako.

*Watoto.* Kwenye mipangilio ya DNS ya ruta, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, weka 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Hii ni huduma ya bure ya Cloudflare, iliyoanza 2020, inayozuia tovuti za ngono na zenye virusi kwa nyumba nzima. Ruta nyingi pia hukuruhusu kuzima kifaa fulani usiku. Kinga hizi hazifanyi kazi mtoto akiwa kwenye bando la simu, kwa hiyo mazungumzo naye bado ni ya lazima.

Hatua ya sita: umeme

Umeme unapokatika, adui mkubwa ni ule wa kurudi. Huja kwa kishindo. Chomeka ruta na kisanduku cha faiba kwenye kifaa cha kulinda umeme, kile ambacho wengi hukiita TV guard. Radi ikianza, chomoa umeme pamoja na waya wa uani.

Kama unafanya kazi nyumbani, nunua betri ndogo ya ruta. Soma maandishi kwenye adapta: volti lazima ziwe sawasawa, nyingi ni 12, na ampea za betri zisiwe pungufu. Kujua itakaa saa ngapi, zidisha mAh zake kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, kisha gawanya kwa wati ambazo ruta inakula. Betri ya mAh 8,800 ina takriban wati-saa 33; kwa ruta inayokula wati 8 itakupa zaidi ya saa tatu, ukitoa kinachopotea njiani. Kama kisanduku cha faiba ni tofauti na ruta, vyote viwili vinahitaji betri.

KISANDUKU: Intaneti ikikatika, kagua kwa mpangilio huu

1. Tazama taa za kisanduku cha faiba. Iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: uzi umechomoka, umekunjika au umekatika njiani. Kagua kama umekaa vizuri, kisha piga simu kwa kampuni. Kuzima na kuwasha hakutasaidia.
2. LOS haiwaki lakini hakuna intaneti? Hakikisha kifurushi hakijaisha. Zima vyote, subiri nusu dakika, washa kisanduku cha faiba kwanza, kisha ruta.
3. Kifaa kimoja tu kinakataa? Kiambie kisahau mtandao, ukiunganishe upya.
4. Tovuti za ndani zinafunguka, za nje zinajikokota? Huenda tatizo liko baharini. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania, Kenya na majirani waliyumba kwa siku kadhaa, na hakuna ruta ambayo ingerekebisha hilo.
5. Usibonyeze kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwenye kisanduku cha kampuni. Unaweza kufuta taarifa za kukuunganisha, ukabaki unamsubiri fundi.

Makosa yanayojirudia

- Kupandisha kifurushi kabla ya kupima kwa waya.
- Kuficha ruta kabatini kwa sababu haipendezi.
- Kuacha masasisho ya kompyuta na picha za simu vijipakie vyenyewe kwenye bando lenye kikomo. Kwenye Windows, iambie mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo. Kwenye simu, zima upakiaji wa picha.
- Kununua ruta ya laini bila kujaribu simu yenye laini ya kampuni hiyo hapo nyumbani. Pima dirishani, na upime saa za jioni, wakati mnara una watu wengi.

Orodha ya kumalizia: weka tiki

☐ Kasi imepimwa karibu na ruta, kwa waya na katika kila chumba
☐ Ruta iko katikati, juu, mbali na chuma na maji
☐ Nenosiri la msimamizi na la waifai yamebadilishwa
☐ WPA2 au WPA3 imewashwa, WPS imezimwa
☐ Ruta ya pili imeunganishwa LAN kwa LAN, DHCP yake imezimwa
☐ Wageni wana mtandao wao
☐ Kuna kinga ya umeme, na betri kama unaihitaji
☐ Manenosiri yameandikwa kwenye daftari linalokaa nyumbani, na si mtu mmoja tu anayejua lilipo

Ukimaliza, rudia vipimo vyote vya hatua ya kwanza na uviandike kando ya vile vya mwanzo. Kama chumba cha mwisho sasa kinapata 15, umeipata intaneti uliyokuwa ukiilipia siku zote. Kama bado ni ndogo hata kwa waya, mpigie mtoa huduma na umsomee namba, saa na tarehe. Anayelalamika kwamba intaneti ni mbovu huambiwa azime na kuwasha. Anayesoma vipimo vya waya vya siku tatu anastahili kuletewa fundi, na ana haki ya kumdai.